Mguu wa Pasua, ushauri wa Shanty Town

Mgeni akisikia kwamba Moshi kuna mtaa unaitwa Shanty Town hutarajia vibanda vya mabati. Akipelekwa hukuta nyumba zilizojitenga katikati ya viwanja vikubwa, miti mirefu, bustani, na barabara tulivu ambayo mtu wa makamo anaweza kuitembea saa kumi na mbili asubuhi bila kupishana na mtu zaidi ya mlinzi anayetoka zamu. Ukiteremka kusini, Pasua na Bomambuzi, mambo ni mengine. Nyumba zimebanana, familia nzima chumba kimoja, na asubuhi hiyohiyo barabara ni ya bodaboda, ya ndoo, na ya kina mama wanaowahi mzigo soko la Mbuyuni.

Kisukari aina ya pili kipo pande zote mbili. Wagonjwa wa huku na wa kule hutoka kliniki na maelekezo yaleyale: tembea dakika 30 kwa siku tano za wiki, nusu ya sahani iwe mboga, punguza uzito, rudi baada ya mwezi. Maelekezo ni sahihi. Ila yana gharama, na sehemu kubwa ya gharama hiyo hailipwi na mgonjwa bali na mtaa anaoishi. Muda, mkaa, maji, taa ya barabarani, sauti ya kuamua chungu cha leo kipikwe nini: mwenye navyo hulipa bila kuhisi kwamba amelipa. Asiye navyo huandikwa kwenye faili kuwa hafuati masharti.

Tuanze na namba zenyewe, maana hutajwa sana bila kuulizwa zimetoka wapi. Dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia saba ya uzito zilipata umaarufu kutokana na jaribio la Marekani la kuzuia kisukari, lililochapishwa mwaka 2002, lenye washiriki 3,234 ambao sukari yao ilikuwa juu lakini hawajaugua. Waliobadili mtindo wa maisha walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliomeza metformin, kidonge cha kisukari, kwa asilimia 31. Kwa watu ambao tayari wanaumwa, jaribio kubwa zaidi linaitwa Look AHEAD: watu 5,145, vituo 16, shabaha dakika 175 za mazoezi kwa wiki. Mwaka wa kwanza kundi lililosimamiwa kwa karibu lilipoteza wastani wa asilimia 8.6 ya uzito. Kundi la pili, lililopewa elimu ya kawaida katika vikao vichache kwa mwaka, lilipoteza asilimia 0.7.

Soma tena hiyo asilimia 0.7. Vikao vichache vya elimu kwa mwaka ndiyo huduma inayotolewa katika kliniki zetu nyingi. Tunagawa dawa ya kundi la kulinganishia, kisha tunamlaumu mgonjwa kwa kukosa matokeo ya kundi lile jingine. Na lile jingine halikupewa maneno peke yake. Kwa miezi sita ya mwanzo lilikutana karibu kila wiki, likapewa bure vyakula na vinywaji vilivyopimwa kuchukua nafasi ya baadhi ya milo, na kila mshiriki alikuwa na mtu wa kukaa naye ana kwa ana kila mwezi. Tuwe wakweli pia juu ya mipaka yake: mwaka 2012 jaribio lilisimamishwa kwa sababu mishtuko ya moyo na viharusi havikupungua kuliko kwa wenzao. Faida zilionekana kwingine, kwenye sukari, wingi wa dawa, na uwezo wa kutembea uzeeni.

Je, mtaa wenyewe unaugusa mwili, au ni umaskini wa mtu tu? Jibu bora tulilonalo halikutoka kwa madaktari, lilitoka kwenye mpango wa makazi. Kati ya 1994 na 1998, familia 4,498 za miji mitano ya Marekani, Chicago na Boston ikiwemo, ziliingizwa kwenye bahati nasibu. Baadhi zilipewa vocha ya kupanga nyumba katika mitaa isiyo ya kimaskini. Zaidi ya miaka kumi baadaye wanawake waliopewa vocha hiyo walipimwa: unene uliokithiri na kisukari vilikuwa pungufu kwao, kisukari kikiwa chini kwa pointi 4 hivi za asilimia. Hakuna aliyewafundisha kula. Walipewa nafasi ya kuhama tu.

Lakini tusiyabebe mambo ya Chicago mzimamzima. Wamarekani wana kipimo cha hali duni ya mtaa kinachojumlisha mambo 17 ya sensa, kama kipato, elimu, ajira na ubora wa nyumba. Ukikiweka Moshi bila kukibadili kitakupotosha, kwa sababu mbili. Ya kwanza, hapa kisukari hakikuanzia kwa maskini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha Ilala ya Dar es Salaam na kijiji cha Shari, huku Kilimanjaro. Wanaume wenye kisukari walikuwa asilimia 5.9 mjini na 1.7 kijijini, wanawake 5.7 na 1.1. Mwenye gari na kiti cha ofisi alikuwa hatarini kuliko mwenye kihamba (shamba la migomba la nyumbani) na jembe, na ndiyo maana hadi leo wapo wanaouita ugonjwa wa matajiri. Ila kuupata ugonjwa na kuumudu ni mambo mawili. Wa Shanty Town anaweza kuupata mapema na akaishi nao miaka thelathini na miguu yake yote miwili. Siku hizi wa Pasua anaupata vilevile, na kidonda kinamkuta hajajua kwamba anaumwa.

Sababu ya pili ni mboga. Tafiti nyingi za kule hulalamikia mitaa ambayo majani mabichi hayauzwi kabisa. Pasua hakuna shida hiyo. Mchicha, mnafu, figiri na sukuma wiki vipo gengeni hatua chache kutoka mlangoni, fungu kwa fungu. Mpango wa afya unaokuja na hema la kuhamasisha ulaji wa mboga umekuja na jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Kinachokosekana ni moto. Maharage makavu yasiyolowekwa huchemka saa mbili hadi tatu, na nyumba inayonunua mkaa kwa kopo huuona huo mkaa ukiisha kabla maharage hayajaiva. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake hupunguza muda sana, lakini hata hapo bei ya maharage si ile iliyo kwenye kipimo cha dukani; ni hiyo pamoja na mkaa. Mwenye mtungi wa gesi na friji hupika kilo moja Jumapili na kula hadi Jumatano. Asiye na friji, kwa joto la Moshi ya chini, maharage ya mchana yakilala bila kuchemshwa tena huamka yamechacha. Ndiyo maana chapati mbili na chai ya barabarani hushinda: zimeshapikwa kwa mkaa wa mtu mwingine. Suluhisho si somo la protini. Kilo moja ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo mbili yakiiva, inatosha nyumba tatu kwa siku. Mpango ungeweza kumlipa mama lishe mmoja wa mtaa achemshe kila jioni, bila chumvi nyingi na bila mafuta, auze kwa kikombe. Hela hiyo ingefanya kazi kuliko mabango.

Dona nayo huagizwa kama vile iko kwenye kila rafu. Mangi wa dukani hauzi dona kwa robo kilo kwa sababu inaharibika: kiini cha mahindi kina mafuta, na unga wake huanza uchungu mapema, wakati sembe hukaa miezi. Ili upate dona lazima ununue mahindi, debe zima kama hutaki kurudi mashineni kila siku mbili, uyachambue punje zenye ukungu kwa sababu ya sumukuvu, uyabebe, ulipe kusaga, na uwe na pa kuyaweka panya wasipofika. Anayeishi kwa kibarua cha siku hana hela ya debe. Na baada ya mahangaiko yote hayo dona iliyosagwa laini bado ni wanga. Inapandisha sukari, pengine taratibu kidogo. Kama nguvu ni ya kitu kimoja, bora iende kwenye ukubwa wa tonge. Ugali usiozidi ngumi ya mlaji mwenyewe, awe wa sembe au wa dona, una maana kuliko dona ya sahani iliyojaa.

Kipimo cha nusu sahani, kwa kweli, kilitungwa na watu wanaokula kila mmoja na sahani yake. Familia inayokula sinia moja haina nusu. Hapo kinachosaidia ni mpangilio: mlaji amalize mboga na maharage kwanza, ugali afuate, au apakuliwe pembeni kabla sinia halijatua. Machalari yana shida ya namna yake kwa kuwa ndizi na nyama vimo chungu kimoja, mchuzi umeshanyonya kila kitu. Hesabu ndizi: mbili za ukubwa wa kawaida zinatosha mlo, pamoja na bakuli la majani. Mtori, supu ya ndizi, ndio wenye ujanja. Umepondwa, unanyweka, unashuka haraka na sukari hupanda haraka. Bakuli moja la asubuhi si kosa, ila chapati pembeni yake ni mlo wa pili.

Chai haihitaji maelezo marefu. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 50 hivi za sukari. Shuka kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utafuata.

Sasa kutembea. Swali la kwanza la mpango wowote liwe kazi ya mtu, si uzito wake. Mama lishe aliyesimama tangu saa kumi alfajiri, akabeba ndoo za lita 20, hana upungufu wa mwendo; kumwambia aongeze dakika 30 jioni ni kumwonyesha kwamba hukumsikiliza. Tatizo lake ni kuonja na kula mabaki saa tisa alasiri kama mlo wa kwanza wa maana. Fundi cherehani, bodaboda, mlinzi wa usiku: hawa ndio wanaokaa. Kwao kuna habari njema kutoka New Zealand, utafiti mdogo wa watu 41 uliochapishwa mwaka 2016: kutembea dakika 10 baada ya kila mlo kulishusha sukari ya baada ya kula kwa asilimia 12 zaidi kuliko dakika 30 za mkupuo mmoja, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi baada ya mlo wa jioni. Dakika 10 fundi anazipata. Kutoka kwenye cherehani hadi mwisho wa mtaa na kurudi, kwa mwendo ambao anaweza kuongea lakini hawezi kuimba.

Tatizo ni kwamba mlo wa jioni, wenye faida kubwa, ndio unaofuatwa na giza. Mwanamke hatatoka saa mbili usiku kwenye njia isiyo na taa, na mbwa wamefunguliwa. Akiambiwa atembee tu, atanyamaza, kisha ataacha kuja. Apewe la kufanya ndani: kuinuka kitini na kukaa mara 10, apumzike dakika moja, arudie mizunguko mitatu; kisha madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, hatua ishirini uani na kurudi. Asibane pumzi anapobeba, na mwenye tatizo la mishipa ya macho asinyanyue kitu kizito mpaka macho yaangaliwe.

Kuna kosa moja ambalo linaweza kuua, nalo hutokea siku ya kliniki yenyewe. Mgonjwa anaambiwa aje hajala. Anameza glibenklamidi yake, kidonge cha kushusha sukari, saa kumi na mbili kama kawaida, anatembea kwa miguu kuokoa nauli, anapanga foleni. Saa tatu anatoka jasho, anatetemeka, moyo unakwenda mbio, anajibu vibaya. Watu hudhani ana kiburi. Sukari imeshuka chini ya 3.9 mmol/L. Dawa yake ni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda, kusubiri dakika 15, kupima tena, kisha kula (ndiyo siku pekee soda inapokuwa tiba). Kinga ni sentensi moja inayopaswa kuandikwa kwenye kadi: siku ya kupima bila kula, kidonge kisubiri chakula. Metformin ikiwa peke yake kwa kawaida haina hatari hiyo, lakini wengi wako kwenye zote mbili.

Na miguu. Ndala kwenye kokoto, kwa mtu ambaye nyayo zimekufa ganzi, ni kidonda kinachosubiri siku. Mpango unaosema tembea bila kuuliza unatembea na nini haujakamilika. Viatu vya kufunika vya mitumba pale soko la Memorial vinafaa kabisa: vijaribiwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, kidole kirefu kibaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele yake, na kila asubuhi vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inagusa vidonge na vitanda. Kiatu hakimo kwenye mawazo ya bima, ingawa kukata mguu kumo.

Kupungua uzito kuna bei nyingine ambayo haiandikwi popote. Mtu wa kilo 80 akifikia asilimia saba amepoteza kilo tano na nusu hivi, na shavu linaonyesha. Shanty Town atapongezwa. Kwenye nyumba za kupanga zenye choo cha pamoja wataanza kunong'ona kwamba "ngoma", yaani UKIMWI, imemshika. Wapo wanaorudisha uzito kwa makusudi ili mtaa unyamaze. Kwa hiyo mizani isiwekwe ukumbini mbele ya kundi, na kwa watu wengine shabaha bora ni mkanda wa kiuno au sukari yenyewe, mambo ambayo jirani hayaoni.

Kundi la wagonjwa wa mpango likutane wapi? Siyo kliniki. Pasua ina kituo chake cha afya, kwa hiyo umbali si hoja kubwa. Hoja ni saa. Asubuhi ya katikati ya wiki ni asubuhi ya riziki. Vikoba, vikundi vya kuweka na kukopeshana, tayari vinakutana kila wiki, saa ambazo wanachama wenyewe walichagua, na adhabu ya kuchelewa ipo. Mpango ujishikize hapo, ukisaidiwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao serikali ilizindua mpango wao mwaka 2024. Sharti la kwanza, kabla ya somo lolote, ni kuondoa soda na mandazi ya kikao. Soda ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya sukari. Huwezi kufundisha kisukari huku unaipitisha kwenye trei. Sharti la pili ni kutozungumzia maradhi ya mtu mbele ya watu wanaomkopesha.

Hesabu ya vifaa kwa watu 40, wiki 12, ni hii. Kila mtu akipimwa sukari mara mbili kwa wiki ni vijiti vya kupimia 960, yaani makopo 20 ya vijiti 50. Kopo likifunguliwa muda wake huanza kuhesabika, na likiachwa wazi kwenye unyevu husoma uongo, basi lifungwe kila baada ya kijiti kimoja. Mashine ya presha iwe na kitambaa kipana pia, kwani kidogo kwenye mkono mnene hupandisha kipimo. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, mwanzoni na mwishoni: 80. Kisirudiwe kabla ya miezi mitatu, maana hutegemea chembe nyekundu ambazo huishi siku 120 hivi. Na mwenye upungufu wa damu asihukumiwe kwa namba hiyo peke yake.

Mwisho wa wiki 12 ndipo uongo wa nia njema huingia. Chukua mfano wa kubuni: watu 20 wa Shanty Town, 20 wa Pasua. Kule wanamaliza 18, kila mmoja amepungua kilo 5. Huku wanamaliza 8, kila mmoja kilo 3. Ripoti itasema waliomaliza walipungua wastani wa kilo 4.4, na mfadhili atafurahi. Ukiwahesabu wote walioanza, na waliotoroka ukawapa sifuri, Shanty Town ni kilo 4.5 na Pasua ni 1.2. Ni mpango mmoja, mwalimu mmoja, kitabu kimoja. Ile ya 4.4 imeuficha mtaa mzima. Kila ripoti itoe hesabu mtaa kwa mtaa, ikianzia na walioandikishwa, na kila aliyeacha aulizwe mambo yanayojibika: ulipika na nini, njia ina taa, maji yanatoka saa ngapi, unarudi kazini saa ngapi. Mjumbe wa shina anayajua majibu mengi kabla hujauliza.

Kuna na kalenda. Mipango mingi huanza Oktoba kwa sababu ya fedha na hupima Januari. Katikati hapo Wachaga wote wamerudi nyumbani, kuna ng'ombe, mbege, soda kwa kreti, na hakuna mgonjwa anayeweza kuirudisha sahani ya mama mkwe. Kuanza Februari nako ni kukimbilia masika, matope yafunge njia za Bomambuzi na vikao viahirishwe. Andikisha Mei, anza Juni mvua zikikatika, pima HbA1c ya pili Septemba, fuatilia miezi miwili tena, na ufunge hesabu mwishoni mwa Novemba, kabla mabasi ya Desemba hayajaanza kushusha watu.